Mwenye Kudhuru Hawi Kadhi wa Madhara Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba masala tutakayoyataja katika waraka huu huenda ukayadhani kuwa ni ya wafalme na matajiri wakubwa, hayamhusu mtu wa pwani mwenye duka lake au dau lake. Na sivyo. Kwani hewa ni moja na bahari ni moja, na uharibifu ulioanza upande mmoja wa dunia hutufikia sisi upande wa pili. Wala hatukusudii kubainisha hapa kwamba kuharibu ni kubaya. Hilo halina khitilafu, na kanuni ya kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana yajulikana hatta na kijana wa chuoni. Masala yetu ni haya: yatokeapo madhara, au yakikhofiwa kutokea, ni nani mwenye haki ya kuyapima na kuyahukumu? Je, yafaa yule ayatiaye awe ndiye mwenye kuyapima, na mwenye kuyatungia sharia, na mwenye kuyapa jina?

Mtu wa kwanza utakayemuuliza atakujibu: haifai, na hili halihitaji kitabu. Lakini ukitazama namna dunia ya leo inavyojihukumu katika mambo ya ardhi na bahari na hewa, utaona kwamba lile lisilofaa ndilo litendekalo, tena hadharani, na watu wakalipigia makofi.

Kubainisha kampani ni kitu gani

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walipotaja namna za ushirika wa mali, waliusahihisha mmoja tu katika zile zilizojulikana, nao ni ule uitwao inani: watu wawili au zaidi huchanganya mali yao, na faida na khasara ikawa juu yao kwa kadiri ya mali ya killa mmoja. Wakaukataa ule ambao mtu hajui amedhamini nini. Na hikima yake ni dhahiri: nyuma ya mali yuko mtu, na mtu huyo ajulikana, ana dhima, na ukimdai utapiga hodi mlangoni kwake.

Kampani ya zama zetu si hivyo. Katika mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilitoa sharia ya kwamba mwenye hisa hapotezi illa kile alichokitia, wala wadai hawaifuati nyumba yake. Na katika mwaka 1897, katika kesi ya mfanya biashara ya viatu aitwaye Salomon, majaji wa juu wa nchi hiyo wakahukumu kwamba kampani ni mtu mwingine mbali na watu walioiunda. Basi akapatikana mtu mpya duniani: auza na anunua, ashitaki na ashitakiwa, hafi kwa uzee, wala hana mwili wa kufungwa, wala roho ya kuulizwa Siku ya Kiyama.

Hatusemi kwamba kampani zote ni haramu. Hiyo ni bahathi nyingine, na wanavyuoni wa zama hizi wana maneno yao. Tusemalo ni kwamba mwanadamu ana vizuizi viwili: cha ndani, nacho ni khofu ya Mola wake na haya mbele ya watu, na cha nje, nacho ni sharia na mkono wa hakimu. Kampani haina kile cha ndani. Wakuu wake wana khofu na haya kama watu wengine, lakini kazi waliyoajiriwa ni kuzidisha mali ya wenye hisa, na ukiwauliza juu ya jambo baya watakwambia: si mimi, ni kampani. Na asiyekuwa na kizuizi cha ndani, cha nje kwake ni wajibu zaidi. Basi akikitwaa hicho cha nje naye akakishika kwa mkono wake mwenyewe, kitamzuia nini?

Kubainisha mikono mitatu

Kampani kubwa hukitwaa kizuizi cha nje kwa mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni ule ubishao mlango wa mtawala. Mwaka 1989 kampani za mafuta, za makaa ya mawe na za magari ziliunda huko Marekani jumuiya iliyoitwa Global Climate Coalition. Kazi yake ilikuwa kupinga mapatano ya kupunguza moshi unaoitia dunia hari. Ilikaa hatta mwaka 2002 ndipo ikavunjwa, na mwaka mmoja kabla ya hapo Marekani ilikuwa imekwisha kuyapa mgongo mapatano ya Kyoto ya mwaka 1997. Ama sisi wa Kenya tuna mfano wa karibu zaidi. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na watu wa pwani wajua ilivyokuwa imejaa mikokoni na matumboni mwa ng'ombe. Mwaka 2020 Kenya na Marekani zilipokuwa katika mazungumzo ya biashara, jumuiya ya wenye viwanda vya kemikali vya Marekani iliiandikia serikali yao kutaka mapatano hayo yaifanye Kenya kuwa kituo cha kupitishia kemikali na plastiki za Marekani kwenda nchi nyingine za Afrika. Mwenye kuuza plastiki alitaka aketi penye meza ya kuamua nani aipokee.

Mkono wa pili haubishi mlango, kwa kuwa hauna haja. Huu ni mkono wa kuhitajiwa. Mtawala ataka kodi, na watu wataka kazi, na kampani yaweza kufunga mizigo ikahamia nchi nyingine. Basi mtawala hunyamaza kabla ya kuambiwa anyamaze. Tazama yaliyotokea Owino Uhuru, hapa Mombasa, karibu na Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na kutoa madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007, ukuta wake umegusana na nyumba za watu. Moshi wake ukaingia vifuani, na maji yake yakapita vichochoroni wachezapo watoto. Mwanamke aliyekuwa ameajiriwa humo, Phyllis Omido, mwanawe akaonekana ana risasi katika damu, naye akaacha kazi akasimama kuwasemea majirani. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na katika waliohukumiwa haikuwa kampani peke yake, bali na idara za serikali zilizowekwa kulinda mazingira na afya. Rufani ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Disemba 2024. Hesabu mwenyewe: ni miaka kumi na saba tangu kiwanda kuwashwa. Mlinzi alikuwapo, na kitabu cha sharia kilikuwapo; kilichokosekana ni mlinzi asiyemhitaji yule amlindiaye watu.

Mkono wa tatu ni ulimi, nao ndio mzito kuliko yote, kwani waingia moyoni. Mwenye kulipa jambo jina amekwisha kulihukumu nusu. Kampani ya mafuta ya Exxon iliambiwa na mtaalamu wake mwenyewe, James Black, mwaka 1977, kwamba moshi wa mafuta unazidisha hari ya dunia. Wataalamu wake wakaendelea kupiga hesabu, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba hesabu zao nyingi ziliagua sawasawa hari iliyokuja kutokea. Lakini mbele ya watu kampani hiyo ilinena mengine, na katika mwaka 2000 ilitangaza magazetini kwamba ilimu hii bado haijatulia. Hapo si ujinga, ndugu yangu. Mjinga hana jina la mbili. Ajuaye akanena kinyume cha ajuavyo ndiye mwenye jina.

Na kuna ulimi laini zaidi ya huo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kampani ya BP ya Uingereza ilieneza sana neno la unyayo wa kaboni, na mwaka 2004 ikatoa chombo cha mtu kujihesabia moshi wake mwenyewe: anapika na nini, anasafiri kwa nini. Neno lenyewe si la uwongo. Killa mmoja wetu ana fungu lake. Lakini tazama lilivyogeuza mashitaka. Aliyekuwa akiulizwa, yaani muuza mafuta, akawa ndiye muulizaji. Na mnunuzi wa kibaba kimoja akasimamishwa kizimbani.

Kubainisha ushahidi wa mwenye nafuu

Sasa twarejea kwenye masala yetu. Katika mlango wa ushahidi, mafakihi wetu wameweka sharti ambalo killa aliyesoma madrasa amelipita: shahidi asiwe mwenye kutuhumiwa. Na tuhuma waliifasiri kuwa ni kujivutia nafuu au kujiondolea madhara kwa ushahidi ule. Ndiyo maana haukubaliwi ushahidi wa baba kwa mwanawe, wala wa mshirika katika mali ya ushirika wao. Na kadhi hajihukumii nafsi yake, wala hapokei hadiya kwa mwenye kesi mbele yake.

Angalia vizuri hikima ya sharti hili, kwani wengi hulikosea. Haikusemwa kwamba baba ni mwongo. Huenda akawa ni mtu mwadilifu kuliko wote mjini, na ushahidi wake ukawa ni kweli tupu. Na pamoja na hayo haupokewi. Kwani hukumu haiwatulizi watu kwa kuwa kweli peke yake. Huwatuliza ikiwa imetoka penye mlango usio na shaka. Kwa hiyo hoja ya kwamba kampani fulani ina watu wema haijibu kitu. Mwezi wa Disemba 2023 mkutano wa dunia juu ya tabia ya nchi ulimalizika Dubai, na raisi wake alikuwa ndiye mkuu wa kampani ya mafuta ya Abu Dhabi. Na insafu yatutaka tuseme kwamba makubaliano ya mkutano huo yalitaja kwa mara ya kwanza kuondoka katika makaa, mafuta na gesi. Lakini hatta kadhi akijihukumia kwa haki, hukumu yake hurudishwa. Si kwa sababu ya aliyoyasema, ni kwa sababu ya pale alipoketi.

Ukilishika sharti hili utaona mahali pengi ambapo limevunjwa wala hapana anayeshituka. Chukua khabari ya Lamu. Palikusudiwa kujengwa Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, karibu na mji wa kale ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 katika turathi za dunia. Sharia ya Kenya yataka kwanza ufanywe uchunguzi wa madhara. Na uchunguzi huo hufanywa na wataalamu wanaolipwa na yule yule atakaye kujenga. Idara ikapokea kitabu chao, ikatoa ruhusa mwaka 2016. Watu wa Lamu, wavuvi na wenye miji, wakasimama, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuhukumu mambo ya mazingira likaivunja ruhusa hiyo, likasema kwamba watu hawakushirikishwa inavyopasa na uchunguzi wenyewe una upungufu. Lau wangalinyamaza, ushahidi wa mwenye kulipwa ungalikuwa ndio hukumu.

Na mfano wa pili ni zile hati na mihuri ibandikwayo juu ya bidhaa: mbao hizi zimekatwa kwa wema, samaki hawa wamevuliwa kwa kiasi, mafuta haya ya mawese hayakuharibu msitu. Baraza la misitu lilianza mwaka 1993, la samaki mwaka 1997, na la mawese mwaka 2004, na katika hayo mawili ya mwisho kampani kubwa zilikuwamo tangu kuasisiwa. Wala hatusemi hayakufaa kitu, yako yaliyoyapunguza. Lakini mkaguzi hupata ujira wake kwa yule amkaguaye, na akiwa mkali sana, mwenye bidhaa ataita mkaguzi mwingine. Wazee wetu waliwajua watu wa mizani. Al-Mawardi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, alipoieleza kazi ya muhtasibu, mwenye kukagua masoko na vipimo, alimweka kuwa ni mtu wa mtawala, hakumweka kuwa kibarua wa muuzaji. Na Kurani imewakemea wale wapunjao vipimo. Basi na apimaye hewa na bahari ana tafauti gani na apimaye nafaka?

Kubainisha kafara isiyokuwa na toba

Siku hizi kuna biashara ya hati za kaboni. Kampani yatoa moshi, kisha yalipa watu wa mbali wahifadhi miti, na ikajihesabia kwamba moshi ule umefutika. Hapa yataka tupambanue.

Huko Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, tangu mwaka 2013 wenyeji huhifadhi mikoko ya hekta 117 katika kazi waliyoiita Mikoko Pamoja, na fedha za hati zimewaletea maji na kuwasaidia skuli. Hilo ni jema, wala asilitie mtu dosari. Mkoko ni mazalia ya samaki na ngome ya ufuo, na wenye kuushika ni wenyewe, na fedha zaonekana zilipokwenda.

Lakini wema wa muuzaji si wema wa mnunuzi. Mafakihi wamesema kwamba toba ina nguzo: kuliacha lile kosa, na kulijutia, na kuazimia kutolirejea, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia. Kafara haikuwekwa iwe ni bei ya ruhusa. Mwenye kuapa kisha akavunja yamini hulisha masikini kumi, na masikini hushiba kwelikweli. Lakini akiweka ghala ya mchele ili apate kuvunja yamini killa siku, masikini watashiba naye atazidi kuzama. Kampani inayopunguza moshi wake kwa bidii, na lile lisilopunguzika ikalilipia, imefanana na mwenye toba. Na inayonunua hati ili isipunguze kitu imefanana na huyu mwenye ghala. Na mti waweza kuungua, au kukatwa na wajao baadaye, na moshi uliokwisha kupanda haushuki kwa khabari hiyo.

Kujibu wenye kupinga

Akisema msemaji: Kampani ndizo zenye ilimu ya mambo haya; ukiziondoa katika baraza, baraza litahukumu kwa ujinga. Twamjibu: Hatukusema zisisikizwe. Kadhi humwita mjuzi wa kazi, akamwuliza sonara juu ya dhahabu na nahodha juu ya chombo. Lakini sonara haketi katika kiti cha kadhi, na ikiwa dhahabu ni yake huitwa sonara mwingine. Na dalili ya kwamba yawezekana ni mapatano ya Montreal. Mwaka 1974 wataalamu walionya kwamba gesi za kupozea baridi zaharibu tabaka ya ozoni iliyo juu yetu, na wenye viwanda wakabisha. Mwaka 1985 likaonekana tundu juu ya ncha ya kusini ya dunia. Mwaka 1987 serikali zikaweka sharia, na mwaka uliofuata DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa gesi hizo, ikatangaza kwamba itaacha kuzitengeneza. Leo tabaka hiyo yarejea uzima kidogo kidogo. Kampani zilileta ilimu na dawa badala, na zikapata faida. Lakini mpaka waliuweka wengine.

Na akisema: Sisi wenyewe twanunua mafuta na plastiki, basi tuna ulimi gani wa kunena? Twamjibu: Tuna dhambi yetu kwa kadiri ya uwezo wetu, na wao wana yao kwa kadiri ya uwezo wao. Mwenye mashua yenye mtambo mmoja, asiyekuwa na njia nyingine ya kuwafikia samaki, hawi sawa na mwenye kuzuia njia hiyo nyingine isipatikane. Ila asiitumie hoja hii mtu kutupa takataka pwani akasema wakubwa watupa zaidi. Dhambi ya mwingine haijapata kumsafisha mtu.

Na akisema: Kampani haina roho, basi ni nani atakayeulizwa? Twamjibu: Hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Dhambi haipotei kwa kugawanywa, kama chumvi ipoteavyo majini. Aliyetia sahihi ataulizwa juu ya sahihi yake, na aliyeandika uchunguzi kwa ujira juu ya kalamu yake, na hakimu aliyenyamaza juu ya kimya chake, na mwenye hisa aliyejua akapokea juu ya kile alichokipokea. Jina la kampani laweza kumficha mtu mbele ya mahakama za dunia. Huko mbele watu huitwa kwa majina yao.

Yaliyo wajibu juu yetu

Basi, ndugu zangu, yakija mjini kwenu mambo ya kiwanda, au bandari, au shimo la mchanga, au hati za miti, msiulize kwanza yataleta kazi ngapi. Ulizeni: ni nani aliyepima madhara yake, na amelipwa na nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa killa mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 70 imemruhusu kushitaki bila kutakiwa kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amekwisha kudhurika. Wakati wa kusema hupita upesi; tangazo hubandikwa, siku zikahesabiwa, kisha husemwa kwamba wenyeji hawakupinga. Wasomi wetu wasome vitabu vya uchunguzi huo, wawasomee wavuvi kwa lugha waijuayo. Na mwenye kupewa mfuko wa fedha au msikiti wa kujengewa na mwenye kesi mbele ya mji, aikumbuke hadiya ya kadhi.

Na yule katika sisi aliyeajiriwa katika kampani hizo asidhani twamwambia aache riziki yake. Twamwambia asiseme kamwe: si mimi, ni kampani. Ajue kuwa ni yeye, na alishike neno la haki pale alipo, kwani mtu mmoja ndani ya nyumba huenda akazuia moto ambao mji mzima hautauzima kutoka nje.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Amin.